Nimepigwa sapu ya falsafa, na baba anauliza naisoma ya nini

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia kwenye chuo kikuu cha Kikatoliki huku Iringa. Kwetu ni Tunduru na mimi ni Mwislamu. Muhula wa kwanza Kiswahili nilipata B+, Historia C, ila Falsafa na Mantiki nimepigwa sapu, yaani nirudie mtihani. Desa, zile notisi za mhadhara, nililimeza lote, tulikuwa tunakesha na wenzangu geto mpaka saa nane usiku, na kwenye mtihani nilijaza kurasa. Insha yangu ilirudi imeandikwa chini kwa kalamu nyekundu: 'Umeeleza. Hoja yako iko wapi?' Mpaka leo sijaelewa alitaka nini. Baba anasema nilikwenda kusomea ualimu, hayo ya mapadri ya nini, na anaogopa nitabadilishwa dini. Marafiki wananishauri nihame chuo. Kiingereza nacho kinanipiga chenga. Je, sina akili ya chuo kikuu, au nipo mahali pasiponifaa?"

Marahaba binti yangu, na asalaam aleikum.

Umeuliza mambo manne kwa pumzi moja, na naona yamekuelemea kwa sababu yamefungana. Sapu imekufanya uitilie shaka akili yako, shaka hiyo imempa baba nguvu ya kuuliza uko huko kufanya nini, na swali la baba limekufanya uanze kusikiliza habari za kuhama. Basi nianze na lile linalouma zaidi. Akili ya chuo kikuu unayo. B+ ya Kiswahili haipatikani kwa kumeza desa. Ili uipate ulilazimika kusoma shairi au riwaya, ukasema mwandishi anakusudia nini, ukanukuu mistari ya kukutetea. Kazi hiyohiyo ndiyo mhadhiri wako wa falsafa aliyoitafuta akaikosa. Uwezo upo. Hujaupeleka kwenye somo hili, kwa sababu hakuna aliyekuambia kwamba na huku unatakiwa.

Sasa la baba, maana najua linakukosesha usingizi kuliko sapu yenyewe. Mimi ni Mkatoliki na nimefundisha vijana wa dini zote, kwa hiyo nitasema wazi. Falsafa si somo la dini. Aristotle, ambaye bila shaka umekutana naye kwenye desa, alifariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Hakuwa padri wala hakujua padri ni nini. Kanisa linaifundisha kwenye vyuo vyake kwa kuwa linaamini mtu anapaswa kujifunza kufikiri kwa mpangilio kabla ya kubobea kwenye fani. Hiyo ni desturi ya kale. Vyuo vya zamani vya Ulaya vilianza na sanaa saba: sarufi, mantiki na balagha (ufasaha wa kusema), kisha hesabu, jiometri, muziki na falaki (elimu ya nyota). Ndipo mtu alipoendelea na sheria, utabibu au teolojia. Kozi yako ya mantiki ni kipande cha urithi huo.

Na urithi huo una mkono wa Waislamu, mkono mkubwa. Mwambie baba habari za Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Cordoba, Hispania, aliyezaliwa mwaka 1126 na kufariki 1198. Aliandika fafanuzi za vitabu vya Aristotle kwa Kiarabu, zikatafsiriwa kwa Kilatini, na katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa kabisa wa falsafa ya Kikatoliki, alizisoma kwa makini kiasi kwamba akimtaja Ibn Rushd humwita tu "Mfafanuzi," bila jina, kana kwamba hakuna mwingine. Walipotofautiana, Thoma alimpinga kwa hoja, tena kwa ukali. Lakini hakuacha kumsoma. Kwa hiyo binti wa Kiislamu kutoka Tunduru anapokaa kwenye darasa la mantiki, hajaingia nyumba ya watu. Wazee wake walishafika humo.

Lipo pia la kanuni. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa waraka unaoongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote. Unasema mafundisho ya Kanisa yagusie shughuli zote za chuo, na papo hapo unasema uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Unataka kozi za mafundisho ya Kikatoliki zipatikane kwa wanafunzi wote, na kila fani iwe na somo la maadili yanayoihusu fani hiyo. Na unakutaka wewe, kama wanafunzi wote, uutambue na kuuheshimu utambulisho wa chuo. Maana yake utaona misalaba ukutani, kutakuwa na misa ya kufungua mwaka wa masomo, na kuna siku utatahiniwa juu ya mafundisho ya Kanisa kuhusu haki na kazi. Hapo utatakiwa kujua yanasema nini na kuyajadili. Kuyaamini si sehemu ya mtihani. Ukiamua kuwasindikiza marafiki misani, unakaa tu kwa adabu. Komunyo ni ya Wakatoliki, wala hakuna atakayekutazama vibaya kwa kubaki kwenye benchi. Usipokwenda, hakuna alama inayopungua. Ulizia pia kama tawi la TAMSYA, jumuiya ya wanafunzi Waislamu, lipo chuoni au chuo cha jirani, kama wanafunzi Wakatoliki walivyo na TMCS yao. Kuwa na watu wa kufuturu nao Ramadhani ni jambo kubwa ukiwa mbali na nyumbani, na baba akisikia unao moyo wake utatulia.

Ila ikitokea mtu yeyote, awe mhadhiri au mwanafunzi, akakushinikiza juu ya dini yako, usilinyamazie. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi ipo kwa ajili hiyo, na waraka niliokutajia uko upande wako.

Turudi kwenye ile kalamu nyekundu. Sijaiona insha yako, lakini nimesoma nyingi za mwaka wa kwanza na naweza kukisia. Swali liliuliza, tuseme, kama mtu anaweza kuwa mwema bila kufundishwa. Wewe ukaandika Aristotle alizaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, alikuwa mwanafunzi wa Plato, aligawa fadhila katika makundi mawili, za akili na za tabia, ukazifafanua moja baada ya nyingine, ukamaliza kwa kusema wema ni muhimu kwa jamii. Yote kweli. Na kidato cha nne ungepata alama nzuri. Lakini swali halijajibiwa. Msomaji anamaliza kurasa tatu hajui wewe unasema ndiyo au hapana, kwa sababu gani, na mtu anayekupinga ungemjibu nini. Vitu hivyo vitatu, yaani msimamo, sababu na jibu kwa mpinzani, ndivyo mhadhiri wako alivyoviita hoja.

Njia ninayoipenda ya kumfundisha mwanafunzi jambo hili ni ya Thoma mwenyewe, nayo ilitoka darasani, kwenye midahalo ya vyuo vya wakati ule. Anauliza swali la ndiyo au hapana. Kisha, kabla ya kusema lake, anaweka sababu za upande asioukubali, na anaziweka kwa nguvu zao zote. Halafu anataja kauli moja ya upande wa pili. Ndipo anatoa jibu lake na sababu zake. Mwisho anarudi kwa wale wapinzani na kumjibu kila mmoja.

Tujaribu na swali litakalokukuta ukiwa mwalimu. Je, ni haki kumwadhibu mwanafunzi anayechelewa shule kwa sababu alianzia shambani kwa wazazi? Fikiria shule ya kata huko Njombe, msimu wa kuvuna viazi.

Tuseme mimi naamini si haki. Sianzi na langu. Naanza na mwalimu mwenzangu anayesema ni haki, na namsikiliza kweli: sheria ya shule ni moja kwa wote, ukimsamehe huyu, kesho darasa zima litakuwa na shamba, na mtoto asiyeujua muda atateseka maisha yote. Sasa naweka kauli ya upande wa pili: adhabu ni ya kosa, na kosa linamhitaji mtu aliyeweza kuchagua vinginevyo. Halafu jibu langu: mtoto wa miaka 14 aliyeamriwa na baba yake kwenda shambani hakuchagua, kumchapa yeye ni kumwadhibu mtu kwa uamuzi wa mwingine, kwa hiyo si haki. Kisha narudi kwa mwenzangu. Unasema sheria ni moja kwa wote, nami nakubali, lakini sheria hiyohiyo inatofautisha aliyekataa na aliyezuiwa. Unasema darasa zima litajidai, basi mzazi aitwe, ukweli utajulikana kwa siku moja. Unasema mtoto ajifunze muda, sawa, lakini anayehitaji kufundishwa muda hapa ni mzazi.

Umeona? Hakuna hata jina moja la mwanafalsafa, na bado hiyo ni falsafa. Ukishaijenga hivyo, unamwingiza Aristotle mahali anapokusaidia: yeye alisema tunasifiwa na kulaumiwa kwa matendo ya hiari, na sentensi hiyo moja inaibeba hoja yako kuliko kurasa mbili za wasifu wake. Jizoeze na maswali madogo ya aina hii kwenye daftari kila unapopata nusu saa. Mwanzoni utachoka kwenye kuweka sababu za mpinzani, kwa sababu ni vigumu kumtendea haki mtu usiyekubaliana naye. Usiiruke sehemu hiyo. Wasahihishaji wengi wanaiangalia hiyo kwanza.

Na hapo ndipo ninapomjibu baba juu ya ualimu. Mwalimu wa historia asiyejua kutofautisha sababu ya tukio na jambo lililotokea tu kabla yake, atafundisha Vita vya Maji Maji kama orodha ya miaka, na wewe kwenu Ruvuma mna haki ya kufundishwa vizuri zaidi ya hapo. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, tayari akiwa mwalimu, digrii aliyorudi nayo 1952 ilikuwa ya masomo mchanganyiko, yakiwemo historia, uchumi na falsafa ya maadili. Hakurudi na fani moja finyu, na ualimu haukumtoka.

Sasa kukesha. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana naona wanafunzi wengi wanajiumiza bure. Ukisoma desa mara ya nne, kila sentensi unaitambua, na kutambua kunakupa raha ya kudhani unajua. Lakini mtihani hauulizi kama unaitambua sentensi. Unakupa karatasi tupu. Ni kama abiria aliyepanda basi la Iringa kwenda Mafinga kila wiki: anaijua kila kona akiwa dirishani, ila mpe usukani usiku uone. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Wengine waliyarudia kusoma, wengine waliyafunika na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kile kitendo cha kuhangaika kulitafuta jambo kichwani ndicho kinachoimarisha njia ya kulifikia tena. Ndiyo maana kinachosha, na ndiyo maana kinafaa.

Kwa hiyo soma ukurasa mmoja, funika, andika ulichobaki nacho kwa maneno yako, kisha fungua uone ulichokosa. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki. Kwenye kundi lenu msikae mmoja anaongea na wengine mnatikisa kichwa. Kila mtu ashike upande na autetee, na zamu inayofuata mbadilishane pande. Wewe mpe rafiki yako upande wa mwalimu mwenye fimbo uone utamjibu nini. Saa tano usiku mlale. Usingizi ndio muda ambao ubongo unayatuliza yale ya mchana yakae. Anayekesha mpaka saa nane anajinyima hatua hiyo, halafu asubuhi anasinzia kwenye mhadhara uleule ambao ungempunguzia kazi ya jioni. Na baridi ya Iringa ya mwezi wa sita na wa saba, kwa mtu wa Tunduru, haimsaidii mtu kukesha hata kidogo.

Kiingereza ni tatizo la kweli, si la kujifariji. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari ukabadilishiwa lugha, na sasa unatakiwa kubishana kwa lugha hiyo juu ya haki na dhamiri. Ushauri wangu ni kwamba uijenge hoja kwa Kiswahili kwanza. Ule mfano wa viazi uandike kwa lugha unayoiotea ndoto mpaka usimame. Kisha uhamishe kwa sentensi fupi, sentensi moja kwa wazo moja, ukikariri yale maneno machache yanayounganisha sababu na hitimisho, kwa maana hayo ndiyo yanayobeba hoja. Njia hii ina gharama, nikuambie ukweli: inakula muda, na kwenye chumba cha mtihani muda haupo. Kwa hiyo itumie sasa, na wiki mbili kabla ya sapu anza kuandika mifupa ya hoja moja kwa moja kwa Kiingereza. Sentensi sahili yenye sababu inashinda sentensi ndefu ya kuazima kwenye desa.

Kuhusu kuhama, sikukatazi. Wako wanaohama kwa sababu nzuri: kozi wanayoitaka haipo, ugonjwa, ada. Lakini kuhama kwa sababu ya sapu moja ni kulibeba tatizo kwenye begi, kwa kuwa kokote utakakokwenda mwaka wa kwanza utakuta insha, na utakuta mhadhiri anayeuliza hoja iko wapi. Uhamisho unapitia taratibu za TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na kama una mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hauhami wenyewe. Ulizia ofisi ya mikopo ya chuo kabla ya kusaini karatasi yoyote, usije ukakaa muhula bila bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu. Chukua pia kanuni za mitihani za chuo chako uzisome kwa macho yako. Kwa kawaida sapu ukifaulu unapewa C, haizidi hapo, na ukifeli unakeri somo, yaani unalibeba ulirudie baadaye. Ukijua mpaka ulipo, hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, haitakuendesha kwa uvumi wa hosteli. Ningekuwa wewe ningefanya sapu, nimalize mwaka, ndipo niamue nikiwa nimetulia.

Yapo ambayo barua yangu haitoshi. Ukiona wiki mbili zinapita usingizi hauji hata ukilala mapema, chakula hakipiti, unalia bila sababu au kukata tamaa ya kuishi kunakujia, usisubiri sapu ipite. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, au zahanati ya chuo, au hospitali, siku hiyohiyo, na mwambie mtu mmoja unayelala naye chumba.

La mhadhiri lisikupite wiki hii. Wengi wao wana saa za ofisi zilizobandikwa mlangoni, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaendi kwa sababu wanaogopa kugombezwa. Nenda na ile insha yenye wino mwekundu, na nenda na mfano wa viazi ulioandika upya kwa maneno yako, na jibu lako likiwa kinyume na langu ukipenda. Usimuulize kwa nini ulifeli. Muulize: "Mwalimu, hapa hoja ipo?" Akisema ipo, mwombe swali la mwaka jana ukajaribu nyumbani umrudishie. Akisema haipo, mwombe akuonyeshe kwa kidole ni mstari gani imepotea, ukauandike tena usiku huohuo, kabla ya saa tano.